Nukta ya Rangi ya Kucha

...majina sita kwenye slaidi ya kwanza, yamehesabiwa sita, na Fundi akayarudia tena kwa jicho moja, kama mtoto anayetafuta jina lake kwenye karatasi ya matokeo, la kwanza la Daktari Mtarajiwa mwenyewe, yule dada wa maabara, sawa, hilo halina ugomvi, utafiti ni wake, la pili la yule kijana wa hesabu anayenawa mikono kabla ya kugusa kompyuta na akishaigusa ananawa tena, la tatu na la nne na la tano ni wageni waliofika maabara mara moja, wakapiga picha na panya, wakaondoka, na la sita la bosi, bosi hukaa mwisho, kama mwenye nyumba anayefunga mlango watu wote wakishaingia, na mlango umefungwa kweli, maana baada ya la sita hakuna la saba, kuna weupe mtupu wa skrini, na yeye yuko nje, yuko hapa ukutani kasimama na maiki mkononi, betri mpya, kaziweka mwenyewe asubuhi, "ukiona mkono umeinuliwa, kimbia," ndivyo alivyoambiwa, kimbia, kama vile miguu ndiyo iliyomleta kwenye kazi hii na si hii mikono, mikono ambayo, na msema kweli ni mpenzi wa Mungu, bila hiyo leo pale mbele kusingekuwa na cha kuonyesha zaidi ya ukungu... na nyumbani alishatangaza, hapo ndipo panapouma, alitangaza kama redio, Alhamisi jina langu linapanda ukutani, kubwa kuliko mlango, akamwambia dada yake, akamwambia mlinzi wa geti, akamwambia mjomba dukani mbele ya wateja, na mama akaacha kukunja nguo akauliza, "Jina lote, baba, au la kwanza tu?" na yeye, mdomo huu, mdomo huu utakuja kumuua, akajibu, "Lote, mama, na la babu juu yake," na mama akaomba apigiwe picha, simu iko mfukoni, imechajiwa mpaka juu kwa ajili ya jina ambalo halipo, sasa atampelekea nini, picha ya bosi?

"Kwa wale ambao hamfanyi kazi hii," anasema Daktari Mtarajiwa, na sauti yenyewe leo imepigwa pasi, si ile ya maabara ya we Fundi njoo hiki kidude kimekufa tena, "ultrasaundi yetu haitazami mtoto tumboni, inatazama damu kwenye ubongo, tunarusha mawimbi ya sauti, tunapata picha elfu moja kwa sekunde, na mahali ubongo unapofanya kazi, damu inaongezeka..." na ukumbi unatikisa vichwa, shindano la watafiti chipukizi eti, chipukizi wengine wana upara unaong'aa kuliko projekta, wamekaa kwenye vile viti vyenye kimeza cha kukunja kinachong'ata vidole, kila mmoja na kadi shingoni, kadi ina jina, hata anayesinzia pale nyuma ana jina, na Fundi naye amepewa kadi, imeandikwa MSAIDIZI, basi, kama vile mama yake alijifungua msaidizi akamfunga kitambaa akaenda naye nyumbani... msaidizi wa nani, hebu tuulizane, probu ile, kile kidude chenye ukubwa wa kiberiti kinachowekwa juu ya kichwa cha panya, ilipokufa mwaka jana nani aliifufua, si waliambiwa na waliokiunda kwamba hakitengenezeki, kitupwe, bosi akashika kichwa, Daktari Mtarajiwa akalia chooni akafikiri hakuna anayesikia, na nani aliichukua mezani akaifungua, akakuta waya mia moja na ishirini na nane, kila mmoja mwembamba kuliko unywele, akazichomelea moja moja siku nne akishikilia pumzi, mwenye cheti? Wenye vyeti walikuwa wamekaa wanaandika barua pepe! Aliyezichomelea aliacha shule kidato cha pili, mwalimu wa hesabu akamwambia mbele ya darasa, "Wewe utaishia kushika waya," na kweli mwalimu, hukukosea, nimeishia kushika waya, njoo uzione, uniambie wewe umeishia kushika nini, chaki?

"...tatizo letu kubwa lilikuwa jeli," na slaidi ikageuka, na moyo wa Fundi ukaruka kama panya aliyeguswa mkia, maana hapa, hapa ndipo pake, kama kuna haki hapa duniani itasimama hapa, "jeli ikiwa na viputo vya hewa, sauti haipiti, na ubongo hauonekani, tuligundua kwamba tukiizungusha kwa kasi ndani ya mabomba ya sindano kabla ya kuipaka, viputo vyote hutoka," tuligundua, akasema tuligundua, na hakumeza hata mate... nani aligundua, dada, wewe na nani, ulikuwapo, tena ulicheka mpaka ukakaa chini ulipotoka uani ukamkuta Fundi amepindua baiskeli yake matairi juu, amefunga mabomba manne ya jeli kwenye spoku, anazungusha pedali kwa mkono kama kichaa wa sokoni, ukasema, "Mdogo wangu, leo umerukwa na akili," naye akakwambia, "Dada, subiri ulie," na kesho yake picha ikatoka safi, mishipa yote, mpaka ile midogo kama mizizi ya nyasi, na ukalia kweli, na ukasema, wewe mwenyewe kwa mdomo wako, "Jina lako nitaliweka," na leo kwenye slaidi baiskeli haipo, pana mchoro wa mashine ya kuzungushia yenye mishale ya bluu, wameichora mishale! Baiskeli ya mtu imegeuzwa mishale... na Fundi akapapasa kitufe cha maiki kwa kidole gumba, kitufe kidogo cha mpira, kikibonyezwa taa inakuwa ya kijani na sauti inajaa mpaka kwenye dari, na akaisikia sentensi kichwani, fupi, imenyooka, akaipima kama mtu anavyopima jiwe kabla ya kulirusha, jeli ile ni yangu mimi, maneno matano tu, jeli ile ni yangu mimi, ukumbi mzima utageuka, bosi ataangusha miwani, na babu yule wa mstari wa mbele, profesa aliyestaafu anayesemekana ndiye mkubwa wa waamuzi, mwenye penseli ya kuchonga na daftari dogo kama la muuza maziwa, ataandika, ataandika jina la nani, la Msaidizi? Utasema lote, na la babu juu yake...

"...na kabla ya kila kipimo tulihakikisha mwelekeo wa probu kwa kugusa ukingo wake kwa kidole," haya, na hilo nalo, mnaona, na hilo nalo limebebwa, kidole kwanza, hiyo ni sheria ya nani kama si yake, kwa sababu probu ile kulia na kushoto inafanana kama mkate, kinachoitofautisha ni nukta nyekundu moja upande wa kushoto, basi, na nukta husuguliwa na spiriti ikafifia, ndiyo maana akawawekea sheria, chovya kidole kwenye jeli, gusa ukingo wenye nukta, tazama skrini, kikimeta kushoto uko salama, kikimeta kulia umeivaa kinyume, vua, na ubongo wenyewe haukusaidii, ubongo ni kama uso, kushoto na kulia mapacha, ukiupindua hautapiga kelele... kidole kwanza, ameuimba wimbo huo mpaka wanafunzi wakamwita Mzee Kidole, na leo imekuwa tulihakikisha, tu, tu, tu, hawa watu wakisema sisi ujue wewe haumo.

Dakika nne zimebaki, mwenyekiti wa kikao ameinua kikaratasi cha njano, na Daktari Mtarajiwa akanywa maji, akashusha pumzi, na hapo hata Fundi katika hasira zake akaona kwamba mkono wenye glasi unatetemeka, anajua kwa nini, kila mtu anajua, atakayeshinda leo anapata nafasi ya miaka miwili kwenye maabara ile kubwa ng'ambo, ile yenye probu kumi na mbili zinazofanya kazi na hakuna hata moja iliyofunguliwa kwa bisibisi ya saa, na yeye ana miaka sita kwenye hii digrii, sita, bosi akimzungusha kama jeli... itetemeke tu, mimi inanihusu nini, akajiambia, na slaidi ikageuka ikaandikwa kwa herufi kubwa, SIKU YA KUMI NA NNE UBONGO UNAHAMA, na ukumbi ukaacha kuchezea simu, na yeye akasema polepole, "Kila mwanafunzi wa ubongo anajua kwamba ukigusa sharubu za kulia za panya, unaowaka ni ubongo wa kushoto, na ndivyo ilivyokuwa kwetu, siku kumi na tatu mfululizo tulipokuwa tukiwafundisha panya wetu kutambua mguso, lakini siku ya kumi na nne, panya wote kumi na mmoja, tazameni, ukawaka upande wa kulia, tunadhani somo likishakomaa, ubongo hulihamisha, kama mtu anayehama nyumba bila kuhama mtaa," na watu wakacheka kidogo, wakapenda, na Fundi akakaribia kulia kwa hasira kwa sababu maneno hayo ni yake, yake neno kwa neno, kama mtu anayehama nyumba bila kuhama mtaa, aliyasema yeye akiwa anakula ndizi mlangoni mwa maabara, hata ulimi wangu mmeuchukua, hata ulimi! Kesho mtachukua na meno... aliyasema siku gani ile, siku dada alipokuja mbio na karatasi mkononi, macho yamemtoka, akasema, "Fundi, kuna kitu si cha kawaida, ubongo umehama upande, niambie kweli, umegusa probu?" naye ikamchoma, aulizwe yeye, mfufua probu, akasema, "Mimi? Dada, mimi sikosei, labda panya wako wamejifunza, wamehamia ng'ambo ya pili, kama mtu anayehama nyumba bila kuhama mtaa," akamalizia ndizi, na dada akasimama pale anafikiri, anafikiri, akaondoka na karatasi yake, na leo utani umevaa suti, umepanda jukwaani...

Na picha zikatokea, mbili, ubavu kwa ubavu, kushoto siku ya kumi na tatu, kulia siku ya kumi na nne, panya mmoja, "panya namba saba," akasema Daktari Mtarajiwa, lakini Fundi hamjui namba saba, anamjua Karani, yule panya anayekunja mikono kifuani kama anasubiri kupiga mhuri, na ubongo wa Karani anaujua kama anavyoijua njia ya kwao, ameukodolea macho saa na saa akisubiri jeli itulie, ana mshipa mmoja pale juu umegawanyika panda, kama manati, kidogo tu, mshipa wenyewe hautajwi na mtu, na manati ya Karani iko upande wa kushoto... iko kushoto, ndiyo, kwenye picha ya kwanza iko kushoto, na kwenye ya pili... na Fundi akasogeza kichwa kama mtu anayetaka kuona nyuma ya nguzo, na nguzo haipo, kwenye ya pili manati iko kulia. Kulia. Mshipa hauhami nyumba, mshipa si mpangaji, damu inaweza kukimbia huku na kule lakini bomba ni bomba, limechimbiwa humo tangu Karani hajafungua macho, mshipa ukihama maana yake si ubongo uliohama ni... ni picha imepinduliwa, ni probu imevaliwa kinyume, na kama ni panya wote kumi na mmoja basi ni siku ile nzima, siku ya mwisho ya vipimo, na Fundi akahesabu nyuma kwa vidole, siku ya kumi na nne ndiyo siku gani, ilikuwa Jumatatu, Jumatatu asubuhi nukta ilikuwa imefutika kabisa, spiriti imeilamba, na yeye akaja na kichupa cha rangi ya kucha cha dada yake wa nyumbani, nyekundu, mwenyewe hajui mpaka leo, akasema nitaipaka ya kudumu, na wanafunzi wawili wapya walikuwa wamesimama mbele yake, wageni, midomo wazi, na akaona hadhira, Mungu wangu, akaona hadhira... akawaambia, "Njooni niwafundishe kitu ambacho profesa wenu hawezi kuwafundisha," akaishika probu ikiwatazama wao, akasema, "Mkitazamana na mtu uso kwa uso, kushoto kwenu ni kulia kwake, hapa ndipo watu wote wanapokosea," na wakacheka alivyolisema, akachovya kijiti, na akiwa bado anawatazama, bado anawaonyesha, bado anachekesha, akapaka. Upande gani? Upande aliokuwa akiwaonyesha kwa kidole, kushoto kwao wao, kulia kwa probu. Ameipaka kwa macho yao. Hapa ndipo watu wote wanapokosea, na akakosea hapo hapo, sentensi haijapoa mdomoni, na mlangoni Daktari Mtarajiwa, amembeba Karani kwenye kizimba, akauliza, "Kidole?" neno moja, aliuliza! Aliuliza kidole, na yeye Mzee Kidole mwenyewe akajibu bila kugeuka, "Dada, mimi ndiye niliyeifundisha kushoto kuwa kushoto, funga probu, panya anasubiri," na wale wawili wakacheka tena, na ilikuwa tamu, kicheko kile kilikuwa kitamu...

"...kwa ufahamu wetu hakuna aliyewahi kuliona jambo hili," anasema pale mbele, na hakika hakuna aliyewahi kuliona, dada, kwa sababu halipo, kilichopo ni rangi ya kucha, na Fundi akatafuta hasira yake ile ya mwanzo, nzuri, ya moto, akaikuta imegeuka shingo inamtazama yeye, na hii haina mahali pa kurushwa, maana amkasirikie nani, kijana wa hesabu? Akamjaribu, wewe na hesabu zako zote hukuona manati, akamjaribu bosi, wewe ulisaini bila kutazama, akamjaribu na dada, kwa nini ulinisikiliza mimi, wewe una digrii mbili, kwa nini umsikilize mtu anayekula ndizi mlangoni... alimsikiliza kwa sababu hakuna siku aliyomwangusha, basi, ndiyo sababu, alimwamini kama mtu anavyoamini ngazi ya nyumbani kwao gizani, na ngazi ikatoa kidato kimoja kwa kujigamba. Mjomba ana msemo wake kila mteja akileta redio na kulalamika, kifaa hakidanganyi, anayedanganya ni aliyekifunga, ameusikia miaka mitano ukimpita juu ya kichwa akidhani unasemwa kwa watu wengine...

Unaweza kunyamaza, ikasema sauti moja ndani, sauti ya mwerevu wa mtaani, nyamaza kama maji ya mtungi, jina lako halimo, si ndivyo walivyotaka, sita wamejipanga wenyewe, nyumba ikianguka itawaangukia sita, wewe ni msaidizi, umesimama nje ya mlango, heri yako, na bosi anatafuta sababu tu, kila mkutano anasema, "Tunahitaji fundi mwenye cheti, wenye vyeti hawabahatishi," ukifungua mdomo umempa barua yako ya kuondoka aisaini, mikono uliyoringia utaenda kuitumia wapi, dukani kwa mjomba, kwenye chaja za simu... na sauti hiyo haikuwa ya mjinga, ilikuwa imepanga hoja zake vizuri, lakini babu wa mstari wa mbele ameacha kuandika, Fundi anamwona, babu amevua miwani, ameifuta kwa tai, ameivaa, anatazama picha ya kwanza, anatazama ya pili, anarudi ya kwanza, kichwa kinakwenda kama cha mtu anayetazama mpira wa meza, na penseli imesimama hewani, na Fundi akaelewa kwamba babu anaitafuta manati, bado hajakijua anachokitafuta lakini mguu wake uko kwenye njia hiyo, ataipata, kama si leo keshokutwa, kama si yeye ni wale wa ng'ambo wenye probu kumi na mbili, na siku hiyo dada atasimama peke yake pale mbele na glasi inayotetemeka, ataulizwa mlihakikisha vipi, naye atasema kwa kidole, kabla ya kila kipimo, na ataamini anachosema, kwa sababu Mzee Kidole alimwambia funga.

Slaidi ya mwisho, asanteni, majina yale yale sita yamerudi chini kwa herufi ndogo, na Fundi akayatazama na hayakumuuma tena, ajabu, aliyasoma kama mtu anavyosoma orodha ya abiria, kwa sababu amelitafuta jina lake mahali lisipokuwapo, jina lake halikuwa kwenye orodha, lilikuwa kwenye picha, limepanda ukutani tangu slaidi ya siku ya kumi na nne, kubwa kuliko mlango kama alivyotangaza, panya kumi na mmoja wamepinduliwa kwa mkono wake, hakuna kazi ya mtu mwingine humu ndani iliyoonekana leo kama ya kwake, umeipata, ulitaka ukuta, umeupata, sasa usiufanye wa watu wengine... makofi, makofi mengi, dada anatabasamu, anatafuta ukutani kwa macho, anamwona, anampungia kidole kimoja, kidole! Utani wao ule, na Fundi hakuweza kurudisha. "Tunayo dakika ya maswali," anasema mwenyekiti, "nani ana swali?" na mkono hakuna, babu bado na penseli yake hewani, ukumbi unakohoa, kiti kimoja kimeng'ata kidole cha mtu, na yeye yuko pale pale ukutani, maiki ile ile, betri zile zile, na ile sentensi aliyoipima kama jiwe bado iko mdomoni, na maneno yake bado ni matano, limebadilika moja tu la mwanzo, nukta ile ni yangu mimi, na gumba liko juu ya kitufe, na mtu atauliza wewe nani, bila shaka watauliza, jina lako nani, na mama akaacha kukunja nguo akamtazama, lote, baba, au la kwanza tu... lote, mama, lote, na la babu juu yake.